Mwalimu na Hewa ya Alasiri

Nimeanza kuandika habari za mtu huyu mara kadhaa nikaacha. Siku moja nasoma nilichoandika naona nimemchafua, siku nyingine naona nimemsafisha kupita alivyokuwa. Mimi niliishia darasa la saba, kupima maneno sikufundishwa. Lakini nimekaa naye mtaa mmoja hapa Ujiji miaka mingi, na nadhani jirani anaweza kusema alichokiona, mradi aseme pia asichokiona. Jina lake nitaliacha. Hata mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mwalimu, basi. Wamepita walimu wengi hapa, ila ukisema Mwalimu bila kuongeza neno watu wanageuza shingo kuelekea nyumba yake.

Kitu ambacho mgeni alikiona kwanza ni pikipiki. Ilikuwa ya zamani, zile za kuchanganyia oili kwenye petroli, na ikiwaka ilitoa moshi wa bluu mpaka kuku wanakimbia. Aliipenda. Lakini jua likishapanda hakuiwasha hata kwa dawa. Akiwa na safari ya mchana aliisukuma kwa miguu, shati limemganda mgongoni, akapandisha nayo mwinuko wote wa kwenda mtaa wa Mwanga. Vijana wa bodaboda wakimwona wanapiga honi. Mmoja alimuuliza, "Mwalimu, umeishiwa mafuta au umeishiwa akili?" Naye bila kusimama akamjibu kwamba mafuta anayo, ila hana mpango wa kulipikia jua. Mtu akimshauri aiache nyumbani aende mikono mitupu, alimtazama kama mtoto aliyekosea hesabu nyepesi. Sasa jioni atarudi na nini?

Hilo la kulipikia jua ndilo lililokuwa somo lake la maisha. Alistaafu kufundisha sayansi, lakini sayansi haikumstaafu. Alikuwa akisema hewa mbaya iko ya aina mbili. Iko ya moshi, ambayo unaiona, na hiyo angalau imekupa nafasi ya kukimbia. Halafu iko nyingine haionekani, inaitwa ozoni. Ile iliyo juu kabisa mbinguni inatukinga na ukali wa jua, lakini ikitengenezwa huku chini tunakovuta pumzi inachoma mapafu. Na haitoki kwenye bomba la gari ikiwa tayari. Kinachotoka ni malighafi: mvuke wa petroli, moshi wa dizeli, harufu ya rangi, moshi wa takataka. Jua la saa sita linaipika taratibu, na ikifika alasiri imeiva. Ndiyo maana, alisema, mtu anakohoa saa tisa mchana mahali ambapo hakuna moto wala gari, anasema amerogwa.

Alikuwa na kanda za mpira alizokata kwenye mipira ya ndani ya baiskeli. Alizivuta kwa nguvu akazipigilia misumari kwenye ubao, ubao mmoja kwenye ukuta wa yadi ya malori kule chini ufukweni, mwingine kwake juu mlimani. Ozoni inakula mpira uliovutwa, alisema, inaupasua nyufa ndogondogo kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Wa mlimani ulipasuka kwanza. Watu wakacheka sana, kwamba malori yameshinda kesi. Mwalimu hakukasirika. Alieleza kwamba upepo wa mchana unatoka ziwani, unachukua uchafu wa malori ukiwa mbichi, na mpaka ufike mlimani jua limeshauivisha. Anayepika yuko chini, anayelishwa yuko juu. Nilielewa siku ile, na kusema kweli niliona fahari kuelewa.

Mimi nilikuwa na sababu ya kumsikiliza. Nyumba yetu iko huko juu, na binti yangu Asha ana pumu. Ilikuwa ikimkamata hasa kiangazi, na hasa alasiri, wala hatukuwa tumeona kwamba ina saa zake. Mwalimu ndiye aliyeona. Aliniambia nimzuie Asha kukimbia nje kuanzia mchana mpaka jua lilegee, achote maji asubuhi, acheze jioni. Nikafanya. Hali yake ikawa afadhali, hilo sitalificha hata nikiwa na hasira kiasi gani. Dawa za hospitali zilisaidia pia, na huenda zilisaidia zaidi. Sijui kupima. Lakini mwanangu alilala akipumua vizuri, na mimi nikaanza kumwamini yule mzee kama mtu anavyoamini daraja alilokwisha kulipita.

Tabia zake ndogo nikizikumbuka bado zinanichekesha. Hakuweza kupita mahali mtu anafanya kosa la hewa. Fundi akipaka rangi geti saa saba mchana, Mwalimu anasimama mpaka fundi ashuke kwenye ngazi. Harusini aliwahi kwenda kuzima jenereta kwa sababu lilikuwa linatapika moshi huku bibi harusi bado hajafika, na muziki ukakatika, na shangazi wa bwana harusi akamfuata na mwiko. Wauzaji wa petroli ya chupa aliwafundisha kukaza vifuniko na kuweka chupa kivulini. Wengine walimtii ili aondoke tu. Asubuhi alipita kwetu akitusalimia kwa Kiha, mwakeye, halafu anarudi kwenye Kiswahili chake cha darasani, anauliza swali, anangoja mtu anyooshe mkono. Akina mama wazima, mikono ina mafuta, na tulikuwa tunanyoosha.

Lakini kulikuwa na kitu kingine. Nilikiona mapema nikakipa jina la adabu. Siku moja gari la mkubwa fulani lilisimama nje ya ofisi ya mtaa, injini inanguruma, vioo vimefungwa, jua la utosi. Mwalimu alikuwa anapita akisukuma pikipiki yake. Nikasema moyoni, leo dereva amepatikana. Alilifuata lile gari kwa hatua za mtu anayekwenda kugomba. Kioo kikashuka, ndani akamwona mkubwa mwenyewe amekaa. Mwalimu akatoa shikamoo. Alimpa shikamoo mtu ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wake wa darasa la nne. Akasema "karibu sana mheshimiwa, mtaa wetu uko salama," akarudi kwenye pikipiki, na gari likaendelea kunguruma. Nilicheka peke yangu. Sikujua nacheka nini.

Sasa niseme kuhusu uwanja wetu. Ulikuwa karibu na ufukwe, upande mmoja ziwa, upande mwingine ile yadi ya malori. Hapo tulichemsha ngazi, matunda ya michikichi, kwenye mapipa, tukakamua mawese. Tulikuwa kundi la wanawake, na mkubwa wetu alikuwa Bi Hadija, mwanamke wa maneno machache yenye miiba. Uwanja haukuwa na hati. Ulikuwa wetu kwa sababu mama zetu walichemshia pale. Lakini maji yalikuwa karibu, njia ya kushushia mizigo ilikuwa karibu, na wateja wa boti walitukuta palepale. Ukiondoa uwanja ule umetuondoa kwenye biashara. Ngazi haingoji, ikikaa siku nyingi bila kuchemshwa mafuta yanakuwa machungu. Mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Tulikuwa tunawasha moto asubuhi na kuendelea mchana kutwa. Kuni zikiwa mbichi tulitupia vipande vya matairi ya zamani yaliyoachwa kando ya yadi. Mwalimu alitujia na habari ya matairi kwanza, tukaacha. Haikuwa rahisi, maana tairi linashika moto hata mvuani, lakini tuliacha, tukatumia makapi makavu ya ngazi zenyewe. Kisha akaja na la pili. Akasema tuhamishe moto wenyewe, tusiuwashe mchana. Tuanze jua likishalegea, ili hata kinachotoka kwetu kisikute jua la kukipika. Alisema malori hayatamsikiliza mtu mpaka aone mfano, na mfano tutakuwa sisi.

Bi Hadija ndiye aliyesita. Alimwambia kwamba saa ile ya magharibi upepo wa ziwani unakuwa umekufa na wa nchi kavu haujaanza, moshi utalala juu ya nyumba kama blanketi. Mwalimu alikiri. Alisema ndiyo, utalala kidogo, kisha upepo wa usiku utausukuma ziwani, na heri moshi wa muda kuliko sumu ya kila alasiri. Akasema pia tujenge bomba refu la kutolea moshi. Hilo lazima niliandike, kwa sababu baadaye lilitajwa, na ni kweli alilisema. Alilisema mara moja, akiwa ameshapanda pikipiki. Bomba hatukujenga. Tulisema tutajenga kiangazi kikiisha.

Bi Hadija akamuuliza, na watu wakilalamika? Ndipo Mwalimu aliposhusha chini mguu uliokuwa juu ya pikipiki, akatutazama sote. Nimeyaandika maneno yale kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi sana:

"Mkiulizwa na mtu yeyote, semeni ni Mwalimu. Mimi nipo."

Tukahamia jioni. Sijui kama msomaji anafahamu maana ya mwanamke kuhamisha kazi yake jioni. Chakula cha watoto kikawa cha kupashwa. Mume wangu, ambaye si mtu wa kelele, aliniuliza mara moja tu kama Mwalimu atakuja pia kumpikia. Tukafika nyumbani tunanuka moshi wakati wenzetu wameshaoga. Lakini mchana sasa uwanja ulikaa kimya, na mimi nikipita kurudi mlimani niliona kama hewa imekuwa nyepesi. Huenda niliona kwa sababu nilitaka kuona.

Malalamiko yalikuja kama Bi Hadija alivyosema. Watu wakitoka kuswali magharibi wanakuta moshi umejaa uchochoroni. Wenye nyumba za karibu wakaanza kufunga madirisha saa wanayotaka kupunga upepo. Walikuwa na haki. Mimi mwenyewe nilikohoa. Mwenye yadi ya malori naye akalalamika, na hapo sisi tukacheka, kwamba hata yeye ana mapafu.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, akaja na ofisa mmoja kutoka halmashauri. Tulikwenda tumevaa vizuri. Hatukuwa na hofu, kwa sababu Mwalimu alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, karibu na mwenye yadi. Nilimwambia mwenzangu kwamba leo watafundishwa, watanyoosha mikono.

Mwenyekiti alimwita asimame kama mtaalamu wa mazingira wa mtaa. Mwalimu alisimama, akafunga kifungo cha koti. Akaanza na mheshimiwa, akaendelea na mheshimiwa. Akaeleza madhara ya moshi kwenye mapafu, yote ya kweli. Kisha ofisa akamuuliza, huu wa jioni unatoka wapi hasa?

"Moshi wa jioni ni wa akina mama wa mawese," akasema Mwalimu. "Hilo liko wazi."

Tukangoja sentensi inayofuata. Nakumbuka nilikuwa nimeshatabasamu, nikijiandaa kuisikia. Mwalimu akakaa.

Bi Hadija hakunyoosha mkono. Alisimama tu. Alisema kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao, "Mwalimu, waambie nani alituambia jioni."

Alitazama mikono yake. Halafu akasema, akimtazama ofisa na si Bi Hadija, "Mimi nilitoa elimu ya jumla. Utekelezaji ni wa kila mtu na namna yake. Hata suala la bomba niliwaeleza."

Hakusema neno la malori. Hakutaja zile kanda za mpira, wala jua, wala anayepika na anayelishwa. Mtu aliyezima jenereta la harusi, mbele ya watu wote, alikaa kwenye kiti chenye mto akaacha ionekane kwamba sisi ni wajinga tuliochagua saa mbaya kwa akili zetu. Nilitaka kusimama niseme. Nikabaki nimekaa. Nilijiuliza, je, kama ni kweli ilikuwa elimu ya jumla? Je, kama mimi ndiye niliyesikia ahadi mahali ambapo mtu alikuwa anaaga tu? Hivyo ndivyo nilivyo, najitilia shaka mpaka nafasi inapita. Lakini nimewauliza wenzangu mmoja mmoja baadaye, na kila mmoja alisikia nilivyosikia.

Tuliambiwa tuhame. Tukapewa mahali mbali na ziwa, hakuna maji, gari la kupakia linafika kwa shida. Wengine walijaribu msimu mmoja. Bi Hadija alirudi kwao vijijini, na mapipa yake aliyaacha yakaota kutu. Mimi sikuweza kubeba ngazi mpaka kule na maji juu yake. Nikaacha kukamua. Siku hizi nangoja mawese ya watu wengine yashuke kwa boti kutoka Ilagala, nanunua madumu, nauza kwa chupa kibarazani. Ni kazi. Siyo ile.

Uwanja wetu mwenye yadi aliuchukua kuegesha malori zaidi. Mwalimu akaingizwa kwenye kamati ya mazingira, akapewa kofia.

Nimetafuta sababu ya alichofanya, kwa sababu sipendi kumhukumu mtu kwa nusu. Wako waliosema alinunuliwa. Mimi siamini, na sikuona dalili yoyote. Wengine walisema aliogopa tu, mbele ya wakubwa ulimi wake ulikuwa unakauka. Hilo naliamini zaidi kwa sababu niliwahi kuliona. Na iko sababu ya tatu ambayo nimeifikiria mwenyewe, kwamba huenda aliona moshi wa jioni kwa macho yake, akajua amekosea kuhusu upepo, na kwake kukosea mbele ya watu kulikuwa kugumu kuliko kutuacha. Kama ni hivyo namhurumia. Lakini huruma yenyewe haijanipunguzia kitu. Kwa muda mrefu nilimpa shikamoo nikitazama bega lake.

Mara ya mwisho kuzungumza naye kwa kituo ilikuwa ufukweni, kiangazi kilichopita. Nilikuwa nangoja boti ya madumu. Alikuja bila pikipiki, amekonda, anasimama kila baada ya mwendo mfupi kukusanya pumzi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaomba kukaa kwenye dumu tupu. Nikampa kubwa, lisiloyumba.

Alizungumza kuhusu Asha kwanza. Nikamwambia yuko Kigoma mjini anajifunza ushonaji, pumu inamjia kwa nadra. Alifurahi kweli, uso wote ulifurahi, na nikakumbuka kwa nini tulimpenda. Kisha akasema alichojia. Yadi ya malori ilikuwa inapanuliwa tena, safari hii kupanda mlima kuelekea kwake. Malori yanawashwa alfajiri, yanaunguruma mpaka mchana, na alasiri, hewa ikishaiva, anashindwa kulala. Ameandika kulalamika, wakamjibu kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuyapinga malori, alikuwepo mkutanini na hakusema neno. Sasa kuna mkutano mwingine. Anahitaji mtu aliyemsikia zamani akisema malori ni hatari.

"Wewe ulikuwepo uwanjani," akaniambia. "Wewe ni mtu wa haki, Mama Asha, kila mtu anajua. Njoo uwaambie kwamba nilisema."

Nikamwambia ni kweli alisema. Alisema mara nyingi, na alieleza vizuri, na mimi mwenyewe nilielewa. Nitakuja.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nikamwambia, "Ila nitasema yote, Mwalimu. Kwamba ulisema uwanjani. Na kwamba wewe ndiye uliyetuhamishia jioni, na mkutanini ukanyamaza."

Akauachia mkono wangu polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akauliza kama hilo la pili lina haja. Yamepita, akasema, wenyewe mmeshatawanyika, litawasaidia nini? Sema lile la kwanza tu. Nikamwambia sijui kusema nusu. Sikusema kwa ukali. Nilitamani angesema tu, "Sema." Nadhani angesema hivyo ningelia, na yangeisha palepale.

Aligeuka akatazama ziwa. Boti yangu ilikuwa inaonekana, bado ndogo.

"Basi usije," akasema.

Akainuka kwa kujisukuma na magoti, akanitakia biashara njema, akaondoka akisimama kila baada ya mwendo mfupi. Mkutano ulifanyika, nilisikia, na alisimama peke yake. Sikwenda, kwa sababu mwenyewe alinikataza. Lakini ningekwenda. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyosema, na ningeanza na lile la kwanza, na ningelisema kwa sauti kubwa kuliko lile la pili.